Mama Kanda, Mtunza Sauti za Chuo Ambacho Hakijaanzishwa

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, Mama Kanda wa chumba cha mahojiano anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika chuo chetu cha sheria, na kila anachojua kuhusu kunasa sauti za watu alifundishwa na mimi.

Haya, nimetia chumvi. Nilichomfundisha ni mahali ilipo soketi ya ukutani, siku yake ya kwanza kazini, na soketi yenyewe haikuwa na umeme. Mengine yote yaliyomo humu ni ya kuaminika kama neno la mzee wa stoo, na mzee wa stoo ni mimi. Mimi nilipaswa kustaafu kabla yake. Nimebakizwa kwa sababu hakuna mwingine anayejua ufunguo upi unafungua nini, na sina haraka ya kumwonyesha mtu.

Wakubwa walipotafuta wa kuandika wasifu huu walianzia kwa wahadhiri. Mmoja aliomba wiki sita za utafiti. Mwingine alileta kurasa tatu za tanbihi, akasema maandishi yenyewe yatafuata. Ndipo mchapaji wa jarida alipokuja stoo kuchukua wino, akanikuta nimekaa, akasema, "Mzee, wewe si huwa unaandika andika?" Nikamwambia shule niliiacha darasa la sita, na mwalimu alishukuru. Akasema haidhuru, mradi nisimtukane mtu. Nimejitahidi.

Kazi ya Mama Kanda ilikuwa hii: kuwatafuta waliosoma hapa, kuwaketisha mbele ya kinasa sauti na kuwauliza maisha ya chuo yalikuwaje enzi zao, ili siku wakienda zao wasiende na habari zetu. Amewarekodi watu mia nne na kumi na wawili. Kanda zao ziko stoo kwangu, maboksi kumi na moja, kila kanda na lebo yake kwa wino wa kijani. Na wiki mbili zilizopita iliamriwa kwamba kanda hizo zote azifute kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kukabidhi ofisi. Nitafika huko. Kwanza chumba.

Chumba cha mahojiano kilikuwa cha mashine ya fotokopi. Mashine ikafa, ikaachwa humo miaka miwili kama maiti isiyo na ndugu. Mama Kanda aliisukuma nje peke yake, akabandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, akakivisha kipaza sauti soksi ya mumewe (iliyofuliwa, alisisitiza) ili kisinase pumzi za wakubwa wenye vitambi. Feni ilibidi izimwe wakati wa kurekodi kwa sababu ilinguruma, kwa hiyo majaji wetu wote wameingia katika historia wakiwa wamelowa jasho. Kiti cha mgeni kilikuwa kimoja, na kililia. Mtu akianza kudanganya hujitikisa, na akijitikisa kiti hulia. Mama Kanda alikisikiliza kiti kuliko alivyomsikiliza mtu.

Taabu ya kumhoji mwanasheria ni kwamba amezoea kuuliza yeye. Mgeni wake wa kwanza alikuwa jaji mstaafu. Mama Kanda, kwa heshima zote, akaanza: "Mzee wangu, ulipofika hapa mara ya kwanza bila shaka ulifurahi sana?" Jaji akainua kidole: "Napinga. Swali linaniwekea jibu mdomoni." Halafu akatafakari kidogo, akatazama dari, akasema, "Pingamizi limekubaliwa." Wakakaa kimya mpaka kanda ikaisha.

Mwingine alikuja na wakili wake. Wakili naye alikuwa mhitimu wetu, na alipoambiwa kwamba naye atahojiwa, akataka awe na wakili. Kufikia saa sita mchana walikuwamo watano, feni imezimwa, na hakuna aliyekuwa tayari kutamka alilala bweni gani. Wa tatu aliomba ahirisho mara tisa. Mahojiano ya nusu saa yakachukua miaka minne. Aliyaanza na meno yake, akayamaliza na ya kununua.

Mtu mwingine angeomba uhamisho. Mama Kanda aligundua chai. Aliacha wapinge, waahirishe, wanukuu vifungu, kisha akasema kwa sauti ya kuchoka, "Basi baba, tumemaliza, karibu chai." Hapo hapo mwanasheria hulegea kama tai ya Jumapili. Akishika kikombe tu, maneno yanamtoka: tuliambiwa hivi, inasemekana vile, rafiki yangu alinisimulia, mke wa mkuu wa chuo alimwambia mpishi. Mashine ilikuwa bado inazunguka. Taa yake nyekundu iliungua mwaka wa pili, na Mama Kanda hakuwahi kuniomba balbu nyingine. Chai ikiisha alimwambia mgeni ukweli wote na kumwomba ruhusa ya kuitunza kanda. Kwa rekodi, hakuna hata mmoja aliyekataa. Wengi waliuliza kama wanaweza kurudi kesho.

Kwa njia hiyo alikusanya kila kitu. Mwanzo wa chuo, magomvi ya wakuu, nani alimpenda nani maktaba, kwa nini choo cha ghorofa ya pili kina mlango wa mahakama. Yote yamo kwenye yale maboksi kumi na moja, na karibu yote yalisemwa na mtu mwenye kikombe mkononi akirudia aliyoambiwa na mtu mwingine.

Na hapo ndipo mguu ulipoingia matopeni.

Chuo kina Kamati ya Historia. Mwenyekiti wake, mhitimu wetu na mtu safi kabisa, tunamwita Sheria-ni-Sheria, si mbele yake. Kwa miaka mingi Kamati ilikutana, ikapongezana na kutawanyika. Siku moja, sijui nani alimroga, Mwenyekiti akaomba asikilize kanda. Alisikiliza dakika nane. Akaizima, akavua miwani.

"Huyu anasema aliambiwa. Aliambiwa na nani?"

"Na mzee mmoja, Mheshimiwa."

"Huyo mzee ameapa? Amehojiwa?"

"Alishafariki."

"Basi ndiyo vibaya zaidi! Huu ni ushahidi wa kuambiwa, mama. Hata hakimu wa mahakama ya mwanzo asingeupokea. Leo chuo cha sheria kijengewe historia kwa maneno ambayo mwizi wa kuku hawezi kufungwa kwayo?"

Ikapitishwa kwamba kila kanda itengenezewe "nakala safi", yaani nakala yenye yale tu ambayo msemaji aliyaona kwa macho yake mwenyewe. Mama Kanda alikata kwa miaka mitatu. Alikata majina ya watu, kwa kuwa hakuna anayejipa jina mwenyewe, huambiwa na wazazi. Alikata tarehe za kuzaliwa, kwani aliyezaliwa alikuwepo, lakini Kamati ilimwona kuwa shahidi asiye na umri wa kuelewa. Na kwa kuwa siku chuo kinaanza hapakuwa bado na mwanafunzi wa kushuhudia, mwanzo wote ukakatwa. Kwa mujibu wa nakala safi, chuo chetu hakijaanzishwa. Sherehe za miaka hamsini ziliahirishwa mpaka litakapopatikana jambo la kusherehekea.

Kilichobaki ni paa. Wahitimu thelathini na saba, kila mmoja kwa macho yake, waliona paa la ukumbi namba mbili likivuja. Kwa hiyo kitabu rasmi cha historia ya chuo kilipotoka kilikuwa na kurasa sitini na nne, na arobaini na moja zilihusu uvujaji. Wahitimu walikisoma, wakaguswa, wakaanza kututumia ndoo. Nilipokea ndoo mia moja na tisa. Ukiuona mlango wa stoo haufungi vizuri, sababu ndiyo hiyo.

Mama Kanda hakulalamika. Kitabu ni chao, alisema, kanda ni za watu. Nakala safi zikae kabatini kwa Kamati, za asili zikae stoo, na aliye na shida na ukweli atajua pa kwenda.

Lakini kuna kanda moja, namba tisini na mbili, ambayo lazima niieleze. Ni ya dada yake mkubwa, wakili, mmoja wa wanawake wachache wa kwanza kuhitimu hapa. Alirekodiwa, na mwaka uliofuata akatangulia. Anasimulia jinsi jirani alivyomwambia mama yao kwamba mwanamke akisoma sheria huota ndevu, na jinsi mama yao alivyomkagua kidevu kila likizo, dirishani, penye mwanga. Anacheka dakika tatu nzima. Jirani alikatwa kwa kuwa ni wa kuambiwa. Kidevu alikaguliwa yeye mwenyewe, lakini Kamati iliona kwamba sababu ya ukaguzi ni ya kuambiwa, na ukaguzi usio na sababu hauna uzito. Kicheko nacho kikakatwa, kwa kuwa kilitokana na ushahidi usiokubalika. Katika nakala safi, dada mtu ni kikohozi kimoja na kikombe kikiwekwa kwenye kisahani.

Sauti ya yule dada haipo popote pengine. Kila mwisho wa mwezi Mama Kanda huja stoo, huomba boksi namba nne, hukaa juu ya debe la rangi na kuvaa vile vya masikioni. Mimi hujifanya nahesabu misumari. Mpaka sasa nimeihesabu mara nyingi sana na haijawahi kufanana.

Sasa ndipo ikaja ile amri. Mwenyekiti alisema mahakama haitunzi vielelezo ilivyovikataa, na mtumishi hawezi kustaafu akiacha nyuma maboksi kumi na moja ya ushahidi batili. Afute zote, kisha asaini cheti cha ufutaji. Siku ya mwisho ni Ijumaa, siku yake ya kuondoka.

Alikuja stoo na ile karatasi. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa kwenye debe bila kuomba boksi.

"Mzee," akaniambia, "nikifuta hizi, nitakuwa nimefanya kazi gani hapa? Nitakuwa nimewapa watu chai miaka ishirini na sita."

"Usifute."

"Nisipofuta mimi atatumwa mwingine. Na huyo mwingine hatakuwa na dada humu ndani."

Nikamwambia, "Mwanangu, hawa wasomi wamejifunga kamba wenyewe. Kazi yako ni kuivuta tu." Nilisema hivyo kwa sababu ni maneno mazuri, sikuwa na maana yoyote. Lakini yeye alikunja karatasi, akatoka bila kuaga. Kwa hiyo wazo lililofuata ni lake. Mimi nilichangia debe.

Jumatatu alipeleka barua ya mistari miwili kuomba kwamba, kabla ya kufuta, Kamati ithibitishe rasmi kilichomo kwenye kanda, ili asije kusaini cheti cha kufuta asichokijua. Ombi la kiofisi kabisa. Mwenyekiti alilipenda. Jumatano iliyopita Kamati nzima ikakutana humu stoo, watu watatu juu ya ndoo tatu zilizopinduliwa: Mwenyekiti, Mwalimu wa Ushahidi, na mjumbe wa tatu ambaye kazi yake ni kukubali.

"Mama," Mwenyekiti akaanza, "iambie Kamati kanda hizi zina nini."

Mama Kanda alisimama, mikono nyuma. "Mheshimiwa Mwenyekiti, zina niliyoambiwa na wahitimu. Nikiyasema hapa nitakuwa natoa ushahidi wa kuambiwa."

Niliusikia mkebe wa gundi ukidondosha tone. Mwalimu wa Ushahidi alianza kutikisa kichwa kukubali, akajishika, lakini kichwa kilikuwa kimeshaondoka. "Hilo," akasema kwa uchungu, "ni sahihi."

"Basi ipigwe kanda tusikie wenyewe."

"Tutakuwa tunaambiwa na mashine," akasema Mwalimu. "Na mashine haijaapa."

"Iapishwe!"

Msomaji, nakuhakikishia kwa macho yangu haya kwamba wasomi watatu walijadiliana kwa dakika ishirini na tano jinsi ya kuapisha kinasa sauti. Mjumbe wa tatu alikubali kwamba kiapishwe, kisha akakubali kwamba haiwezekani. Kikwazo kilikuwa dini yake. Kwa kuwa kilitengenezwa mbali, hakuna aliyekuwa na hakika kinaamini nini, na Mwalimu alionya kwamba kiapo kwa kitabu kisicho chake kitabatilishwa kwenye rufaa. Mwisho wakakiuliza moja kwa moja. Kikanyamaza. Ikaandikwa kwamba kimetumia haki yake ya kutojibu.

"Lebo basi," akasema Mwenyekiti, jasho likimtoka, maana stoo haina feni hata ya kuzimwa. "Zinasema nini?"

"Zimeandikwa na mimi, Mheshimiwa, kwa jinsi nilivyoambiwa."

Hapo macho yake yakanifikia. "Mzee wa stoo! Wewe umekaa nazo miaka yote. Humu mna nini?"

Nikasimama. Niliapa vizuri tu, kwa sababu dini yangu inajulikana. "Mheshimiwa, mimi naambiwa ni kanda. Zaweza kuwa sabuni."

"Hujawahi kuzisikia?"

"Sikio la kulia lilikufa siku mliyofyatua fataki za mahafali. La kushoto nalitunzia mke wangu."

"Jibu swali!"

"Napinga," nikasema. Sijui neno lilinitokea wapi, ni kukaa karibu na watu. "Swali linaniwekea jibu mdomoni."

Mwalimu wa Ushahidi, masikini, alifumba macho. "Pingamizi limekubaliwa," akanong'ona. Sheria yake mwenyewe, angefanyaje.

Uamuzi uliandikwa jioni ile na umebandikwa mlangoni. Kila mtumishi anaweza kuusoma. Unasema kwamba kilichomo katika maboksi kumi na moja hakijulikani kisheria; kwamba kisichojulikana hakiwezi kuamriwa kufutwa; na kwamba maboksi yatiwe lakiri na muhuri na kutunzwa salama mpaka kila mmoja wa wasemaji mia nne na kumi na wawili atakapofika mwenyewe kueleza, kwa kiapo, alichosema. Mia moja na arobaini kati yao wameshafariki. Tutawasubiri.

Mwenyekiti alitoka bila kumtazama mtu. Mama Kanda alibaki amesimama pale pale, mikono bado nyuma, mpaka nyayo zilipoishia koridoni. Kisha akasema, "Sijapumua tangu Jumatatu," akavuta debe lake. Hatujatia lakiri boksi namba nne. Tumesahau.

Wahariri wanataka orodha ya mafanikio, nami nitawapa kwa kifupi. Ameacha sauti mia nne na kumi na mbili mahali palipokuwa na mashine mfu. Amewafanya majaji wazungumze kama watu. Hajapoteza kikombe hata kimoja, isipokuwa kile cha bluu, na hicho alikipiga teke mwanasheria mkuu mmoja alipofika kwenye habari za maktaba. Aliingia hapa hajui pingamizi ni mnyama gani, anatoka akiwa amewafunga midomo wasomi watatu kwa sentensi mbili, na cheti chake pekee ni cha kuendesha taipureta.

Kwa niaba ya wachapaji, wasafishaji, walinzi, wahadhiri wanaojua shukrani na wale watakaojifunza, asante, Mama Kanda. Nenda ukapumzike. Wajukuu wakuchoshe kiasi, goti la kushoto likuhurumie, na kila utakayemkaribisha chai akuambie ukweli bila kujitikisa kitini. Umri wako uwe mrefu, na siku zake ziwe nyepesi.

Mwisho, kwa kuwa Jumatano nilisimama kwa ajili yako mbele ya wasomi na sikio langu moja, nina kaombi. Ijumaa kabla hujarudisha ufunguo, pita stoo. Ni kanda namba mia mbili na kumi na nne, upande wa pili, baada ya hakimu aliyerekodiwa humo kupiga chafya mara mbili. Anasimulia mtihani wa Mikataba ambao kengele yake ililia dakika arobaini kabla ya wakati, darasa zima likakusanya karatasi nusu nusu, kisa mpiga kengele wa siku hizo, ambaye baadaye alihamishiwa stoo, alikuwa anawahi mpira. Mwenyekiti wetu alikuwamo kwenye mtihani ule. Alirudia mwaka, na mpaka leo anailaumu saa ya ukutani. Jarida hili halisomi kupita ukurasa wenye picha yake, kwa hiyo hapa tuko salama. Ila kanda ni kanda. Lakiri isikusumbue, muhuri uko kwenye droo yangu. Ni dakika moja na nusu tu, mwanangu. Nifutie.